Chumba cha Mchumba wa Rukia

Malindi

Kaka yangu Athumani,

Bismillahi. Shikamoo kaka. Namuomba Mola goti lako liwe limepoa, na nyumba nzima hapo Vanga muwe na afya. Mimi mzima, ila tangu jana kinywa kiko wazi. Nakuandikia kwa sababu simu yako husikizwa na nyumba nzima, na haya ni yetu wawili kwanza.

Ulinituma nimpeleleze Salimu, yule mwalimu wa biashara chuoni aliyekuja kumposa mwanao Rukia. Ulisema mtu kama huyo hakosi nyumba ya ghorofa, ndipo ukamtajia mahari ya kitanda, kabati la milango mitatu na harusi ya siku tatu. Kaka, anakaa chumba kimoja mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa Malindi!

Nilianza kwa mwenye duka wa mtaani kwake. Akacheka. "Mwalimu? Sukari ya kupima, mafuta ya kupima. Lakini swala haimpiti, na neno baya sijalisikia kwake."

Nikaenda mwenyewe kubisha hodi.

"Karibu shangazi," akasema, nami sijajitaja jina. "Pua hiyo ni ya Rukia."

Hana kiti. Nikakaa kitandani, yeye akakalia dumu la maji.

"Mwanangu, mshahara wa chuo unakwenda wapi?"

"Mshahara gani, shangazi? Nalipwa kwa kipindi. Chuo kikifungwa, nami nimefungwa. Kodi hula nusu, maji na unga humaliza. Wanafunzi nawafundisha kupanga bei. Yangu kaipanga mwenye chuo."

Wallahi nilipigwa na butwaa. Mtu na digrii yake!

"Na sisi mbona hukutwambia?"

"Rukia nilimwambia yote, hata picha ya chumba nilimtumia. Akasema nije kuposa vivyo hivyo, baba atalainika."

Hapo nikashtuka mara ya pili. Mtoto alijua kabla yetu!

Kaka, mahari ni haki ya Rukia, si yetu. Muulize anataka nini. Ukishikilia kabati, kijana huyu atajitoa kwa kuona haya, na kwa dini na tabia mimi sijamwona na kasoro.

Nisalimie wifi yangu, mama Rukia, na Bi Zena jirani anayekutazamia mbuzi.

Chai alinitilia kikombeni, yeye akanywea bakuli, maana kikombe ni hicho kimoja. Nilipotoka nikapita sokoni nikanunua cha pili. Kiko hapa mezani kwangu, kinangoja neno lako.

Dadako akuombeaye,
Mwanahamisi