Mtoto Atakayebebwa na Mdogo Wangu

Alhamisi, Mei 1998

Bado nasikia maswali ya yule daktari wa hospitali ya Westville. Mimi sina kizazi tena, na mdogo wangu Furaha amejitolea kunibebea mimba. Je, akiugua? Mumewe amekubali kweli? Na akizaa, karatasi zitamwandika yeye mama, nami nitaomba kortini nipewe mtoto wa yai langu mwenyewe.

Hilo la karatasi limenichoma. Leo saluni nilisuka huku roho iko mbali, nikimwona mtoto anatambaa kati ya viti, nywele zimemsimama kama za baba yake, mume wangu.

Jioni Furaha aliniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikamwambia kinachonisumbua: kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na miaka tisa ya ndoa mimi bado ni Madame tu. Huyu akija, ni nani kati yetu ataitwa kwa jina lake?

"Yaya, dada yangu, mimi tayari niko Mama Neema," akasema. "Utafute jina sasa. Nataka nianze kukuita nalo kabla tumbo halijatokeza, nisije nikajisahau."

Alisema akicheka, lakini macho yake yalibaki kwenye sahani.