Hadithi Tuliyoitoa Kitabuni

Goda, mwalimu mwenzangu na dada yangu,

Nimeanza kukuandikia mara nyingi, na kila mara nainuka, nachungulia dirishani, narudi kuketi. Leo nataka nimalize. Wewe umelala tangu masika. Mimi bado nafundisha kwenye chumba kile kile cha parokia, hapa mtaani Nyakabiga, na wale watoto wa wakimbizi uliokuwa ukiwafundisha sasa ni wangu. Esperansi, aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake ukimwita asome, sasa anasoma mpaka namwambia apumzike.

Kuna jambo limeninyima raha, Goda, na hakuna mwingine wa kumweleza.

Unajua tulivyokuwa bila vitabu vya Kiswahili. Vile vya Kifaransa vilisimulia theluji, watoto wakakodoa macho tu. Ndipo ukaanza kuwatungia hadithi zako mwenyewe kwa Kiswahili, ukazipiga kwenye karatasi za stensili kwa taipureta ya padri, tukazungusha ile mashine ya roneo ya kuchapia mpaka wino ukatuingia kwenye kucha. Hata ulipochukua shairi fupi kwenye kitabu cha mwingine, jina la mtunzi lilitangulia ubaoni kabla ya mstari wa kwanza. Nilikucheka, ukanijibu, "Imelda, ukikula kwa mutu, sema umekula kwa nani."

Baada ya kukuzika, direkteri, mkuu wetu wa shule, alizikuta stensili zako kabatini. Alifurahi sana. Inspekta wa shule alikuwa anakuja, naye alitaka kumwonyesha kitabu ambacho kingeweza kwenda na kwenye shule nyingine za mji. Akachapa zote, akazishona pamoja, na kwenye jalada akaandika: Hadithi za Shule Yetu. Basi. Nilifungua mbele, nikafungua nyuma. Jina lako halikuwepo.

Nilimfuata ofisini. Nikamwambia hadithi hizi zina mwenyewe, na mwenyewe ameacha mama aliye hai, ambaye hakuna aliyemuuliza. Alinisikiliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma zaidi. Akasema, "Mwalimu, marehemu hana haja ya jina. Watoto wana haja ya kitabu."

Nilitoka pale nikiwa na hasira naye, kisha nikawa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu maneno yake yalikuwa na ukweli ndani. Kweli watoto walihitaji kitabu. Siku zile nilikuwa nikisahihisha kazi zao najikuta nimesimama katikati ya chumba, sijui nimefuata nini.

Jumapili, baada ya misa, nikapanda kilimani Gasenyi kwa mama yako. Nilimkuta anapalilia maharage. Nilidhani nitaomba ruhusa, atakubali, nitateremka. Yeye akaweka jembe chini, akaniambia nimsomee zote. Kwenye ile ya mbuzi aliyekula kofia ya karani alicheka mpaka akajishika mbavu, na mimi sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba.

Kisha nikamsomea ile ya mtoto aliyebeba mlango. Unaijua, Goda, ndiyo wanayoipenda kuliko zote: vita vinakuja, watu wanakimbia, na mtoto mmoja anakataa kuacha mlango wa nyumba yao. Anaubeba kichwani, anavuka nao mto Ruzizi, na upande huu baba yake anaujengea nyumba mpya.

Nilipomaliza, mama yako aliniambia kwamba mtoto huyo ni mdogo wako Fideli, na kwamba hakuvuka. Mlango ulimzidi nguvu, maji yakamchukua. Wewe hukuwahi kunieleza, nami nilikuwa nikizungusha ile karatasi mashineni huku naimba.

"Zile zingine muzichukue," akasema. "Muandike jina lake, na la baba yake. Lakini ile ya mulango, apana. Alinitungia mi, ili mutoto wangu afike. Kusomea watoto wake mwenyewe darasani, sawa. Kuitawanya mu muji yote, apana."

Nilishuka na kibali mkononi na jiwe moyoni. Direkteri alikasirika. Alisema namharibia kitabu hadithi yake bora, na inspekta yuko njiani. Nikamsimulia habari za Fideli. Alikaa akiutazama ule mrundo wa vitabu, kisha akaniambia, kama ndivyo, nikawaambie watoto mwenyewe.

Nikawaambia. Tukafungua vitabu vyote, tukatoa kurasa zile, tukashona upya, na kila mmoja akaandika jina lako na la baba yako kwenye jalada kwa mkono wake. Esperansi akauliza kama hadithi ile ilikuwa mbaya. Nilimjibu kuwa ni nzuri, ila ina wenyewe, na wenyewe wamesema hapana. Alilia. Na mimi, Goda, sina hakika. Huenda wewe ungetaka mdogo wako afike kila shule. Nakuuliza hapa na hunijibu. Hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti.

Inspekta alikuja, akakipenda kitabu. Akaona namba za kurasa zimeruka, akauliza. Nikafungua kinywa, lakini direkteri akanitangulia.

"Kurasa zile hazikuwa zetu," akasema.

Kitabu chako kimekwenda kwenye shule nyingine, Goda. Kinasomwa na watoto ambao hutawajua, na wanaanza kwa kutamka jina lako na la baba yako.

Sasa nakuacha upumzike. Nakuahidi kwamba hakuna atakayekichapa tena bila mmoja wetu kupanda Gasenyi kwanza kumuuliza mama. Na Jumapili hii napanda pia, sina la kuomba. Maharage yamekomaa, naye yuko peke yake. Nakwenda tu kuvuna naye.

Wako,
Imelda