Simu iliyofukizwa udi

Palma, Jumanne

Natangaza kwa masikitiko makubwa: simu ya mama imezimika. Aliifukiza udi pamoja na kanga zake. Ndani yake kuna sauti ya marehemu baba, na mama hataki simu hiyo inuke samaki wa jikoni.

Nilicheka. Mimi, fundi simu nisiye na diploma, nikamweleza: chipu za simu huko kiwandani hutengenezwa kwa gesi. Gesi hiyo huwashwa kwa umeme mpaka ing'ae, ikala metali isiyofunikwa kwa kinga, zikabaki njia za umeme nyembamba kuliko unywele.

"Kumbe nao wanafukiza," akasema. "Sasa unanicheka nini, mwanangu?"

Nikaifungua simu. Sauti ile ikipotea mikononi mwangu, nitamtazamaje mama?

Ilikuwa imeisha chaji.