Ndizi za Mkubwa

Galwewa, 28 Januari 2013

Mwanangu Ruwantha,

Umekula? Umelala? Kile kikohozi cha baridi ya milimani kimekuacha, au bado unakificha ili mama asijue? Mimi niko imara kama chuma. Goti tu linalalamika nikipanda ngazi za hekalu, lakini halinizuii kuringa.

Maana naringa, mwanangu. Barua yako nimewasomea watu wote pale kituoni: kiongozi mkuu wa msafara wa baiskeli! Karunawathie alikuwapo na kikapu chake, akasema, "Kwani si baiskeli tu, dada Menike? Ungesema ndege ningeelewa." Nikamjibu, "Mwanao yuko Italia anaogesha wazee wa Kizungu. Wangu, Wazungu wenyewe wanapanda ndege kuja kumfuata nyuma. Akisema simameni wanasimama. Akisema kunyweni maji wanakunywa." Alinunua dagaa wake akaondoka bila kuaga.

Sasa nikwambie kilichokupa kazi hiyo, maana si Kiingereza chako peke yake. Mwezi wa kumi na moja niliweka nadhiri kwa Mungu wa Kataragama. Nilisema: mwanangu akipata uongozi, kila siku ya mwezi mpevu, mwaka mzima, nitampelekea Mkubwa matunda. Unamjua Mkubwa, yule dume mwenye sikio lililochanika, anayekaa karibu na tuta la bwawa la zamani. Jina la mnyama mwenyewe ni mwiko, silitaji hapa, hata kwenye karatasi.

Juzi nilivaa nguo nyeupe, nikabeba chane sita za ndizi na tikiti moja, nikaenda barabarani kwenye lile jiwe la maili. Akatoka msituni bila kuvunja hata kijiti. Akanyoosha mkonga akachukua mkononi mwangu, taratibu, kama mgeni aliyelelewa vizuri. Basi la mahujaji lilisimama, watu wakashuka kupiga picha, mwanamke mmoja akanigusa miguu kwa heshima. Niambie, ni mama wa nani mwingine anayejulikana na Mkubwa?

Simu huku bondeni ni pambo tu, haishiki, kwa hiyo barua hii nampa Siripala kondakta. Vaa fulana ya ndani.

Amma wako


Ella, 6 Februari 2013

Amma mpendwa,

Nakuinamia miguuni kabla ya yote. Kikohozi kimeisha, kweli kabisa, na fulana nimevaa. Lile goti lipake mafuta ya ufuta, usilipake majigambo tu.

Wiki jana tulipita kwenye mashamba ya mpunga na Waholanzi wanane. Kenge alivuka barabara mbele yetu, mrefu kama mlango, na bwana mmoja mzee akampigia kengele ya baiskeli ampishe. Kenge akasimama katikati ya njia akamtazama. Walitazamana mpaka chai ikapoa. Siku ya pili ngedere alimwibia mkewe kofia, akaivaa. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini barua yako, Amma, niliisoma mara mbili na ya pili sikucheka. Kampuni imebadilisha njia. Kuanzia tarehe 26 mwezi huu tunapita barabara hiyo hiyo, kwenye jiwe hilo hilo. Tembo anayelishwa barabarani huacha kuogopa barabara. Kwanza anangoja. Halafu anaomba. Halafu anasimamisha magari na kupekua. Mtu wa basi ana bati la kumkinga. Mimi na wageni wangu tuna kofia za plastiki.

Nakuomba usiende tena. Najua ni kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu hiyo hiyo, acha.

Mwanao,
Ruwantha


Galwewa, 11 Februari 2013

Mwanangu,

Nimefurahi kifua kimepona. Goti nimelipaka mafuta, limenyamaza kidogo.

Wewe umesoma na mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo sitabishana nawe juu ya wanyama. Ila nadhiri sikuiweka na kampuni yako. Unamkumbuka mjomba wako Piyadasa? Alimwahidi Mungu wa Kataragama, akapata alichotaka, akajisahau. Mwaka haukuisha tukamzika mtoto aliyemwombea. Mungu yule hadai kwa aliyeahidi, anadai kwa yule aliyeombewa. Aliyeombewa ni wewe.

Basi usijali. Nimesikia ulichosema. Ninyi piteni tu na wageni wenu, na mwambie yule mzee wa kenge akipita hapa nitampikia wali wa nazi na sambol ya pilipili ya kumtoa machozi. Kijiji kizima kitakuja kuwatazama wageni wangu.

Amma wako


Ella, 27 Februari 2013

Amma,

Natumai barua hii inakukuta salama. Mimi ni mzima, na naandika neno hilo taratibu kwa sababu jana lilikuwa karibu kubadilika.

Tulifika kwenye jiwe la maili saa mbili asubuhi, baiskeli saba. Tembo alikuwa katikati ya lami, amegeuza uso upande tunaotokea, kama mtu aliyeambiwa saa. Nikawasimamisha wote. Akaja kwa miguu, hakukimbia. Akapita kwangu, akanusa vishikio vyangu, akanusa kifua changu, Amma, pumzi yake ilikuwa ya moto na ilinuka ndizi mbivu. Kisha akaenda kwa mwanamke wa nyuma yangu, Marijke, mwalimu mstaafu, akashika mkoba uliofungwa kwenye baiskeli yake akauvuta. Baiskeli ilikwenda na mkoba. Marijke angekwenda pia kama nisingemkumbatia kiunoni. Mkobani hamkuwa na tunda hata moja. Aliumwaga wote, sweta, dawa, miwani, akavikanyaga kimoja kimoja.

Akaondoka. Nikatazama chini ya jiwe. Palikuwa na maganda, na jani la mgomba limekunjwa pembe nne, na ua jeupe la araliya katikati. Nani kijijini kwetu anakunja jani hivyo?

Uliandika "nimesikia ulichosema." Sikugundua kwamba hukusema umekubali.

Mwanao,
Ruwantha


Galwewa, 3 Machi 2013

Mwanangu, mwanangu,

Sikuulizi umelala. Mimi sijalala.

Ni mimi. Nilikwenda siku ile ya mwezi mpevu, tena nilikwenda na nyingi zaidi, chane kumi, kwa sababu nilijua siku inayofuata mnapita, nikataka ashibe asiwasumbue. Hivyo ndivyo kichwa cha mama yako kilivyofikiri. Nilimlisha nikamwambia, "Kesho anapita mwanangu, mtazame vizuri." Naye akakutazama.

Barua yako nilipoisoma niliifunga nikaenda kwa miguu hadi kwenye hekalu la Mungu, sikungoja basi. Nikamweleza kuhani kila kitu. Alinicheka kwanza. "Wewe Heen Menike, uliahidi matunda kwa Mungu au kwa tumbo la barabarani?" Nikamwambia asinitanie, mtoto wangu alinuswa kifua. Akaacha kucheka. Akasema nadhiri inahamishika: nilete matunda yale yale hekaluni, kwa idadi ile ile, miezi iliyobaki, na Mungu atapokea. Akanifunga uzi mkononi.

Kwa hiyo imekwisha. Mungu amekubali. Sitakanyaga pale tena, naapa kwa kichwa chako, na unajua kichwa chako sikiapii ovyo.

Usinikasirikie muda mrefu. Na mwambie mama Marijke nitamshonea mkoba mwingine.

Amma wako mjinga


Galwewa, 28 Machi 2013

Ruwantha mwanangu,

Uko salama? Jibu swali hilo kwanza utakapoandika, mengine baadaye.

Ulinyamaza karibu mwezi nikasema sawa, ana haki. Lakini haya lazima uyajue leo.

Juzi mwezi ulijaa. Nilipeleka matunda hekaluni kama nilivyoagizwa. Watu wa basi wanasema Mkubwa alikuwa kwenye jiwe tangu alfajiri. Magari yalipiga honi, hakuondoka. Wakamtupia maembe, hakuyaokota. Alikuwa anatazama njia ya kijijini, njia yangu.

Jana akaifuata. Nilikuwa kisimani nikasikia ukuta wa jiko unashuka. Hakuna kelele nyingine, ukuta tu. Alikula gunia la mpunga, akavunja mtungi, akasimama uani. Mimi nilikuwa nyuma ya mfenesi nimeuma kitambaa. Alinusa ile nguo yangu nyeupe kwenye kamba. Akaishika muda mrefu, kisha akaipasua.

Na leo asubuhi amemkuta Wijesena muuza mikate karibu na jiwe. Hakugusa mikate, mwanangu. Sikiliza vizuri: mikate ilimwagika yote na hakuigusa. Aliivunja baiskeli. Aliipiga chini mpaka magurudumu yakawa bapa kama mapapadamu, na Wijesena alikuwa bado ameishika. Nyonga imevunjika. Hospitali wanasema ataishi.

Hata Karunawathie amekuja kunisaidia kufagia udongo wa jiko, na hajanisema hata neno moja. Hapo ujue mambo ni mabaya.

Usipite huku. Waambie una homa. Waambie mama yako amekufa, sitakasirika.

Amma


Ella, 30 Machi 2013

Amma yangu,

Mimi niko salama. Hilo kwanza, kama ulivyoagiza. Sikuwa na hasira, nilikuwa na wageni kusini, na barua nilianza nyingi nikazichana. Kalale kwa Karunawathie, jiko nitakuja kulijenga mwenyewe sikukuu ya mwaka wetu mpya, katikati ya Aprili.

Nilikwenda kwa meneja na barua yako mkononi. Akasema njia imeshatangazwa mpaka mwisho wa msimu, na kama mimi naogopa, Janith yuko tayari kuongoza. Janith ana miezi miwili kazini, Amma. Akiona tembo anapiga mluzi. Kama lazima mtu awapitishe wale wageni sita, heri awe anayejua.

Tutapita Alhamisi, tarehe 4, saa mbili asubuhi. Trekta litatangulia, na watu wa wanyamapori wamenipa fataki tano. Kutoka kwenye jiwe mpaka daraja ni kilomita moja na nusu. Dakika tano. Wewe kaa ndani, funga mlango, soma sala zako. Jioni nitakuandikia.

Mwanao,
Ruwantha


Galwewa, 2 Aprili 2013

Mwanangu Ruwantha,

Umekula vizuri? Kula. Utahitaji miguu.

Fataki usizipige. Jana watu wa wanyamapori walimpigia kumi, hapa, macho yangu yakiona. Zamani alikuwa anakimbia. Jana aligeuka akaufuata moshi mpaka kwa aliyerusha, na yule kijana yuko hai kwa sababu mti ulikuwa karibu. Trekta nalo atalisikia toka mbali, atakuja kutazama kuna nini nyuma yake.

Nimefikiri siku mbili nzima, na safari hii sikufikiri kwa haraka. Mnyama huyu hangoji ndizi. Ndizi angezipata popote. Ananingoja mimi. Nilimzoesha mtu, halafu nikamwondolea mtu. Basi Alhamisi nitampa.

Saa moja na nusu nitakuwa juu ya tuta la bwawa, upande wa mbali, kule kwenye magofu ya mlango wa maji. Kutoka barabarani hakuonekani, lakini upepo wa asubuhi unatoka kule, atanisikia harufu. Nitakuwa na chane ishirini. Nitampa moja moja, polepole, na nitamsemesha. Dakika tano unazotaka, nitakupa hata ishirini. Ninyi mkifika darajani pigeni kengele mara tatu, nitajua, nitamwachia zilizobaki nishuke kwa nyuma.

Karunawathie amenishika nguo analia, "Dada Menike, umerukwa na akili, una goti bovu." Nimemwambia, kwenda kwangu si kukimbia. Anajua sauti yangu. Mwezi wa kwanza alichukua mkononi mwangu kama mgeni aliyelelewa.

Kama unaona ni ujinga, pita njia nyingine, au usije kabisa, na mtume Siripala aniambie kabla ya Alhamisi, nami nitabaki ndani. Nikikosa neno lako nitajua umekubali. Barua hii nampa yeye sasa hivi, basi limeshawasha injini.

Wewe ndiye kiongozi mkuu. Waambie watazame mbele.

Amma wako


Ella, 4 Aprili 2013, jioni

Amma yangu wa dhahabu,

Inuka ucheze! Tumepita! Mimi mzima, wageni wote sita wazima, hata mpira wa gurudumu haukupasuka. Wewe je? Ulikaa ndani kama nilivyokuomba?

Barabara ilikuwa tupu, Amma. Tupu kabisa. Kinyesi cha jana kwenye jiwe, basi. Fataki zote tano ninazo bado. Sijui nani alimshika huko alikokuwa, lakini umwekee ua hekaluni kwa niaba yangu. Tulipovuka daraja Wajerumani wawili walipiga makofi, mmoja akapiga kengele kwa furaha wee mpaka nikamwambia inatosha.

Kitu kimoja tu. Tulipokuwa tunakunywa maji upande wa pili, ndege wote wa bwawani waliruka kwa pamoja, korongo, membe, wote, mbingu ikawa nyeupe. Wageni walipiga picha nyingi. Mama mmoja aliniuliza wameshtushwa na nini. Nikamwambia labda nyati wameingia majini. Hawakurudi kutua muda wote tuliokaa pale.

Meneja amenipa mkono mbele ya ofisi nzima. Kasome barua hii kituoni, kwa sauti.

Nimemwona Siripala stendi. Anasema ana barua yako tangu Jumanne, aliisahau kwenye koti alilompa mwenzake wa zamu, ataniletea kesho asubuhi. Nimemwambia hakuna haraka. Nitaisoma kesho, nikiwa nimekaa, na chai.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Ruwantha