Makena Amehamia Shule Yako

Mama Makena,

Dada yako Wanja alikuja kutoka Embu Jumapili, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaniuliza mdogo wetu Kirimi ataanza shule wapi. Nikamwambia bado nafikiria. Akaweka kikombe chini akaniangalia vile watu wa kwenu mnavyoangalia mtu.

"Shemeji, unafikiria nini? Wawira alishaamua. Alisema watoto wake hawatasoma pale."

Nilitoka nje nikaenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Jambo hili la shule nimezoea kubishana na wewe tu. Wengine wote wakiniambia mawazo yao naona wanaingilia. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoanza nacho, wakati ule ulipokuwa ukicheka Kimeru changu nami nacheka Kimbeere chako. Ukiona makosa usinisahihishe. Au nisahihishe tu, Wawira. Ningefurahi.

Ulipopata uhamisho tukatoka Runyenjes kuja huku Gachoka, Makena alikuwa anaingia Gredi ya Nne. Mimi nilidhani jambo limejimaliza lenyewe. Mama anafundisha pale, mtoto atasoma pale, asubuhi mnatoka pamoja, jioni mnarudi pamoja. Nilikuwa nimeshamwambia fundi apime sare. Halafu ukarudi kutoka kazini siku ya kwanza, ukakaa bila kuvua viatu, vumbi lote hili la Mbeere likiwa miguuni, ukasema, "Huyu mtoto hatasoma pale."

Nilicheka. Nilidhani ni uchovu.

Tulibishana mwezi mzima. Nilikuambia sisi wote wawili tulitoka shule za serikali na tukawa watu. Ukasema wakati wetu haukuwa huu. Nikasema wazazi watatuonaje, mwalimu anafundisha watoto wao na wake anampeleka akademia ya kulipia. Ukasema wazazi hawakai darasani.

"Baba Makena, mimi ndiye niko ndani ya lile darasa. Wamejaa mpaka mlangoni. Nikimfikia huyu, yule amelala. Unataka nimweke wangu katikati ya wale nisiowafikia?"

"Na wale usiowafikia ni wa nani?"

Uliendelea kuchambua ndengu kwenye ungo. Nilidhani nimekushinda. Kisha ukasema polepole, bila kuniangalia, "Ni wa wenyewe. Nawapenda wote. Lakini huyu nilimzaa."

Hapo ndipo nilipokubali. Si kwamba uliniridhisha. Ni ile sauti.

Basi tukampeleka Kaaga, kule Meru, kwenye ile akademia ya bweni iliyo karibu na kwa mama yangu. Mama alisema atakuwa akimtembelea, na alifanya hivyo, na ndizi zake. Makena hakulia siku ya kumwacha. Wewe ndiye uliyelia, tukiwa tumeshatoka getini, na ukaniambia nisiseme neno lolote mpaka tufike Embu. Sikusema.

Na zile ripoti zilipoanza kuja, lazima niwe mkweli, zilikuwa nzuri. Mtoto alirudi likizo akisoma vitabu vinene, akicheza kinanda juu ya meza isiyo na kinanda. Ulikuwa ukinitazama tu, husemi "nilikwambia", lakini unatembea kama mtu aliyesema.

Unakumbuka ule mkutano wa wazazi shuleni kwenu? Mimi nakumbuka mpaka mahali nilipokaa. Mwalimu mkuu alikuwa akieleza kwa nini watoto wanaondolewa shuleni mmoja mmoja kwenda akademia, na Mzee Njiru, yule mwenye shamba la muguka, ile miraa ya huku, upande wa chini, akasimama, akakuelekezea kofia. "Mwalimu Wawira, na wako anasoma wapi?"

Watu wote waligeuka. Mimi niliangalia viatu vyangu. Wewe ulisimama ukajibu bila kupandisha sauti: "Wangu anasoma mahali ambapo kila somo lina mwalimu. Mkija na mimi ofisini tuwaombe walimu, tukawapata, namrudisha hapa kesho yake."

Hakuna aliyekwenda nawe. Hata mimi sikwenda. Nilikuwa na magunia ya ndengu yakisubiri kupelekwa sokoni Embu.

Halafu likaja lile tumbo la kuuma. Tulidhani ni vidonda, ukaacha chai, ukaacha maharagwe, ukanywa zile dawa za kutafuna. Daktari alipotuambia ni saratani na imeshasambaa, mimi nilikuwa bado najaribu kulielewa lile neno wakati wewe ulikuwa umeshapanga. "Makena asijue mpaka wafunge shule. Ana mitihani."

Nikakubali tena.

Uliendelea kufundisha. Uliposhindwa kusimama watoto walikuletea kiti, ukafundisha ukiwa umekaa. Mwalimu mkuu alinipigia simu, akaniambia, "Baba Makena, mwambie apumzike," nami nikakwambia, na ukaenda kazini kesho yake. Likizo fupi ya katikati ya muhula ilipofika ulikuwa hospitali, tukamwambia Makena akae Kaaga kwa nyanya yake kwa sababu una semina. Uliongea naye kwa simu. Ulicheka, ukamuuliza kama nywele zake zimesukwa, ukamwambia asimchoshe nyanya. Kisha ukanirudishia simu ukageukia ukuta.

Alikuona mara ya mwisho siku ya kufungua shule. Mimi nilikuwa napakua sanduku. Sijui mliambiana nini, na sijawahi kumuuliza.

Ulituacha wiki moja kabla hawajafunga.

Nilienda kumchukua mwenyewe. Njia yote ya kwenda Meru nilikuwa nikipanga maneno. Alitolewa darasani, akaja ofisini na rula mkononi.

"Baba, mbona umekuja leo? Hatujafunga."

Nilimsogezea kiti. Akauliza, "Mama ni mgonjwa?"

Nikasema, "Alikuwa mgonjwa."

Wewe ndiye uliyemfundisha nyakati za vitenzi, Wawira. Alielewa hapo hapo. Hakulia. Aliniuliza, "Alikuwa tangu lini?" Na hilo ndilo sikuweza kulijibu, kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa amesimama pale, na kwa sababu jibu lilikuwa ni muhula mzima.

Tulikuzika upande wa juu wa shamba. Watoto wa darasa lako walikuja wote, wamevaa sare, na waliimba. Makena aliwaangalia kama anavyoangalia wageni.

Shule zilipofunguliwa nilimuuliza kama anataka kubaki nyumbani kidogo. Akasema, "Mama alitaka nisome kule." Akafunga sanduku lake mwenyewe. Nikaona amekomaa. Sasa najua alikuwa amekasirika na hakuwa na pa kuweka ile hasira.

Likizo iliyofuata akademia ilifunga mapema kuliko shule yenu. Yale mambo yako ya darasani yalikuwa bado hapa nyumbani, zile chati za ukutani, kamusi ya shule, mfuko wa vifuniko vya soda vya kuhesabia. Nikamwambia twende tuyarudishe. Tulifika wakati wa mapumziko. Msichana mmoja alimtazama, akapiga kelele, "Wewe ndiye Makena! Wewe huogopa jogoo!"

Wakatuzunguka. Kumbe kila ulipotaka mfano wa sentensi ulimtumia yeye. Makena anaogopa jogoo. Makena amekula embe bivu. Ng'ombe wa nyanya amemlamba Makena. Walimjua mtoto wetu kwa miaka miwili, na walikuwa wamemwona siku ya mazishi tu. Huyo msichana, anaitwa Marigu, akaanza kukuigiza, unavyofuta ubao kwa kiwiko ukikosa kitambaa, unavyosema, "Haya, macho kwangu, mdomo upumzike." Alikupata sawasawa, mpaka nikatazama kando. Makena alicheka sana. Nilifurahi. Nilidhani tumepata dawa.

Jioni tukawa jikoni. Alikuwa akikata kitunguu, akaacha.

"Baba, hawa walikuwa na mama kila siku. Hata akiwa mgonjwa walikuwa na yeye. Walimbebea kiti. Mimi nilikuwa na yeye likizo tu."

Nikamwambia ulifanya hivyo kwa ajili yake. Kwamba ulitaka asome vizuri.

"Najua," akasema. "Lakini hakuna mtu aliniuliza. Na hamkuniambia."

Kirimi aliacha kucheza akatuangalia. Nilizima jiko ingawa chakula hakikuwa kimeiva.

Mama Makena, sisi tulibishana juu ya madawati. Tulibishana juu ya walimu, na vitabu, na kompyuta, na watu watasema nini. Katika kubishana kote kule hakuna kati yetu aliyesema kwamba mtoto akienda Kaaga hatakuona asubuhi. Nani angefikiria asubuhi? Tulidhani ziko nyingi. Nikikaa peke yangu nawaona ninyi wawili mkitoka hapa mlangoni, yeye na mkoba, wewe na zile chati, mkishuka ile njia ya mawe, na ni kitu ambacho hakijawahi kutokea hata siku moja. Hicho ndicho kinachonitesa kuliko kifo chenyewe. Sikulaumu. Ulikuwa unampa kile ulichoona kinakosekana. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu la kwanza, asome hapa, na nikaliacha, na bado sijui kama lilikuwa jibu zuri.

Makena aliomba kuhamia shule yako. Nilimwambia arudi kwanza amalize muhula. Akarudi, akamaliza, akaomba tena, maneno yale yale. Wanja alisema nakuvunjia agizo. Mama yangu alilia kwenye simu, kisha akasema, "Mpeleke kule anakotaka, amechoka huyo mtoto." Nikampeleka.

Nikueleze jinsi ilivyo, kwa sababu hutaki kudanganywa. Mwalimu wa hesabu alihamishwa na hakuna aliyeletwa. Kompyuta ziko, zimefungiwa stoo. Kiingereza chake kimeanza kulegea, naye anajua. Anamkosa rafiki yake wa Kaaga, na ile maktaba. Wiki iliyopita alirudi akilia, nikadhani amepigwa, kumbe ni kwamba anajua jibu na hapati nafasi ya kulisema. "Mikono ni mingi, Baba. Mwalimu haoni wangu." Niliposikia hivyo nilikusikia wewe na ule ungo. Kuna siku naona ulikuwa sahihi kabisa na mimi nimeharibu kazi yako.

Lakini anakula. Anaimba akiosha vyombo. Anapitiwa na Marigu asubuhi wanashuka pamoja, na jioni ananiletea habari zako. Jana niliambiwa mama alianguka kwenye matope siku ya michezo. Leo nimeambiwa mama alikuwa akificha njugu kwenye droo. Mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Anakujua zaidi sasa. Ni vibaya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Nimeingia kamati ya wazazi. Mzee Njiru yuko pia. Siku ya kwanza alikaa karibu nami akasema, "Yule mama alituambia ukweli tukamnunia." Tumeshakwenda ofisini mara kadhaa kuomba mwalimu wa hesabu. Wanatupokea vizuri, wanatupa chai, wanasema tungoje. Tutarudi. Ningekuwa nimekwenda nawe wakati ule, pengine leo tungekuwa mbali. Pengine tungepewa chai tu. Sitajua.

Kuhusu Kirimi, nimeamua, na Wanja nitampigia simu kesho nimwambie kabla hajasikia kwa watu. Ataanza hapa chini, shuleni kwako, ashikwe mkono na dada yake. Tukishindwa kabisa na walimu nitatafuta kwingine, iwe ya umma au ya kibinafsi, sioni aibu tena na sina kiburi tena. Ila iwe mahali anaweza kurudi jioni. Nisamehe kama sivyo ulivyotaka. Ungekuwapo ungenipinga, nasi tungebishana mpaka ndengu ziungue.

Siwezi kukuahidi kwamba watafaulu kama ulivyotamani. Ninachokuahidi ni hiki. Sitaamua tena mahali pa kumpeleka mtoto bila kumketisha nimuulize. Na ugonjwa ukiingia nyumba hii, wangu au wa mtu yeyote, wataambiwa siku hiyo hiyo, hata kama ni mtihani, na watakuja wakae karibu.

Pumzika sasa, Wawira. Makena ananiita nikamsaidie hesabu zake, na unajua hesabu zangu zilivyo. Naenda hivyo hivyo.

Wako,
Baba Makena