Mume wa Ghati

Susuni, Jumanne. Jua kali tangu asubuhi, na furaha yangu ya leo ni ya kulazimisha.

Zahanati yetu imetangazwa ya kwanza. Wakaguzi walishuka na gari lao, wakapekua madaftari, wakala kuku wetu, wakasema tumefanya makubwa. Mganga mfawidhi alicheka mpaka jino la mwisho. Nami nikapiga makofi.

Kwa asiyeujua mpango wenyewe: siku hizi zahanati haipimwi kwa wingi wa wagonjwa, inapimwa kwa matokeo. Mama ajifungue salama, mtoto awe mzima. Nani atapinga? Ila matokeo hayo yana vipengele, na kimoja kinataka mjamzito aje kliniki mara ya kwanza na mwenza wake, wapimwe damu wote wawili. Akija peke yake, alama zinashuka.

Ghati alikuja na mume wake. Mume wake ni Bibi Wankuru.

Wageni wa huku nitawaeleza. Kwetu Wakurya, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, amzalie watoto wa nyumba yake. Mwanaume wa kuzaa naye hatajwi. Ukimtaja, umeivunjia nyumba heshima. Haya yote nayajua. Baba yangu mzazi alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo.

Bibi alipandisha mkono wa gauni, akaulaza mkono wake mezani kwangu. "Nipime mimi, mwanangu. Huyu nimemwoa mimi."

Tulicheka. Mimi ndiye niliyeanza.

Nikamwambia Ghati arudi na mwanaume, la sivyo akae kwao. Mwezi uliofuata walikuja wawili walewale, nikawafukuza kabla hawajakaa kwenye benchi. Ningeweza kumwandikia kadi, hakuna aliyenikataza. Ningepoteza alama moja.

Hakuja tena. Wiki tatu zilizopita alijifungulia nyumbani, akatokwa damu mpaka akakata roho. Kwa kuwa hakuwa na kadi yetu, daftari letu halina kifo. Ndiyo maana leo tumekula kuku.

Wakaguzi wakiwa bado wananawa mikono, Bibi Wankuru aliingia na mtoto mgongoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Alitaka mtoto aandikiwe kadi, apate chanjo.

"Mama yake mlimkataa kwa ajili yangu," alisema. "Na huyu mtamkataa?"

Mkaguzi mmoja alikuwa mlangoni na soda yake. Mganga mfawidhi alinikazia macho. Kama ningeandika kwamba mama amefariki, wangeuliza amefia wapi, na ilikuwaje mjamzito wa kijiji hiki asiwe na kadi hata moja. Cheti chetu cha ushindi kilikuwa bado mezani, hakijasainiwa.

Kwenye maelezo ya mama niliandika: amesafiri.

Kisha nikamchanja mtoto. Alilia kwa nguvu, mzima kabisa, matokeo mazuri. Bibi Wankuru hajui kusoma. Aliifunga kadi kwenye leso yake, akanishika mikono yote miwili, akaniombea kwa Mungu nami nipate watoto.

Nilisema amina. Sijui hata sauti niliitoa wapi.

Kesho naenda Mugumu. Nimechaguliwa kuwaeleza wauguzi wa Serengeti jinsi tulivyofanikiwa, na sare nimeshaipiga pasi. Nitaongea vizuri, najijua. Siwaogopi hao.

Ninayemwogopa ana wiki tatu. Bibi yake ataitunza ile kadi, maana watu wa namna yake hawatupi karatasi ya serikali. Mtoto ataanza shule, atajua kusoma, ataifungua ile leso na kuusoma mwandiko wangu. Ataiamini karatasi ya serikali kuliko maneno ya watu, atakaa nje ya nyumba ya Bibi Wankuru amsubiri mama yake, na mimi nitapita pale na baiskeli yangu kila siku kwenda kazini. Akinisimamisha kuniuliza mama amesafiri kwenda wapi, nitamjibu nini?