Mbuzi Waliokataa Maji

Jumamosi, Januari 1996

Mkono bado unawasha. Na nilivyokuwa nimemwandalia Baba Neema maneno!

Wiki nzima bibi mwenye shamba wanakokaa mbuzi wetu anatupigia simu: hawanywi maji, wanalamba theluji. Baba Neema anasema wanadeka. Jumamosi iliyopita si aliwawekea hita kwenye hodhi la bati, maji yasigande?

Leo tumekwenda. Nikavua glavu nionje hayo maji. Nikapigwa shoti mpaka kwenye kiwiko.

"Chomoa!" nikapiga kelele. Akachomoa. Mbuzi wakaja kunywa hapo hapo.

Yeye angejuaje, na mabuti yake ya mpira na glavu nene? Kumbe ile pini ya tatu ya plagi, ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, aliikata mwenyewe kwa koleo, kwa kuwa ekstensheni ilikuwa na matundu mawili. "Mama Neema, kule nyumbani, kabla ya kuhamia huku, si tulikuwa tunachokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu, na redio inaimba?" Mtu mzima, ana digrii!

Njiani nilikuwa nayapanga maneno. Ndipo akasema, taratibu, kwamba kila tukienda Neema ndiye wa kwanza kutumbukiza mkono kwenye hodhi. Leo alibaki kwa jirani kwa sababu ya mafua tu.

Tulipofika tunakoishi, New Hope, akamshika mtoto mikono yote miwili, hataki kuiachia. "Daddy, let go!" Wapi.

Yale maneno yangu sijui yamekwenda wapi. Nimemchemshia chai.